Mashine Iliyoishi Wiki Moja

Kazini walimwita Bwana Faragha, na yeye hakukasirika. Alidhani ni sifa. Alikuwa fundi wa kompyuta wa idara ya maji ya mji, miaka arobaini na minne, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na juu yake sweta la sufu, hata siku ambazo wenzake walijipepea kwa mafaili. Ofisi yake ilikuwa chumba cha seva: hakina dirisha, kiyoyozi kinanguruma kutwa, na ubaridi wake haukupangwa kwa kumfikiria binadamu. Kwa miaka tisa alikula chakula cha mchana humo huku amelikumbatia bakuli ili vidole vipate joto.

Alitaka kitu kimoja: ukuu wa kitengo cha kompyuta. Mkuu aliyekuwepo alistaafu mwezi wa pili, na chumba chake cha ghorofa ya kwanza, chenye jua na kibao cha jina mlangoni, kilibaki kimefungwa kikisubiri mtu. Bwana Faragha alipita mbele ya mlango huo mara tatu kwa siku, ingawa choo kiko upande mwingine.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa na swali moja kila jioni.

"Wamekupa?"

"Bado. Mambo ya ofisi yana taratibu zake."

"Mimi nishakata kitambaa cha suti. Wakichelewa namshonea kaka yangu."

Huyo kaka, shemeji wa Bwana Faragha, aliishi nao chumba cha nyuma na alikuwa hatumii mtandao wa nyumbani mpaka aombe. Fundi alibadilisha neno la siri kila Jumapili, na shemeji akaja kila Jumatatu na karatasi yake, kama mtu anayefuata dawa zahanati.

Sifa aliyoitegemea apate cheo ilikuwa kutenga mashine. Jambo lenyewe si gumu, ingawa yeye alilieleza kana kwamba anafichua siri ya uumbaji. Ndani ya seva kubwa huishi kompyuta nyingine zisizo na sanduku. Mafundi huziita mashine pepe. Kila moja hujiona ni kompyuta kamili, kama mpangaji wa chumba kimoja anayewaambia watu ana nyumba. Ili ziwasiliane, huundiwa swichi, nazo pia huwezi kuzishika kwa mkono: ni mipangilio tu. Swichi ya nje huifikisha mashine kwenye mtandao wa ofisi na, kupitia huo, duniani. Swichi ya ndani huiruhusu kuzungumza na seva inayoibeba, basi. Swichi ya faragha huinyima hata hilo: mashine zilizo juu yake husemezana zenyewe kwa zenyewe, na mwenye nyumba hasikii kitu. Bwana Faragha aliwahi kuyasema haya yote kwenye foleni ya kinyozi. Aliyekuwa mbele yake aliamua nywele zake zinaweza kungoja wiki ijayo.

Mashine aliyoitenga kwa fahari kubwa kuliko zote ilikuwa ya maabara ya maji. Aliiweka kwenye swichi ya faragha, akazima hata kile kipengele kidogo ambacho kwacho seva huwapa wapangaji wake saa na tarehe. Gazeti la idara likaandika kwamba maabara yetu haishambuliki. Mkurugenzi akamtuma kwa idara jirani akatoe mada ya ulinzi. Akapewa begi, kalamu mbili na chupa ya maji.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mashine ya kupima maji inyimwe tarehe.

Sababu ni kwamba programu iliyokuwa ndani yake ilishakufa. Kampuni iliyoitengeneza ilifungwa miaka sita nyuma bila kuaga, na kibali cha kuitumia kikaisha. Programu ikifika kwenye mtandao ilikuwa inamtafuta mtengenezaji wake, haimpati, inajifunga. Ikijua tarehe ya kweli, inajifunga vilevile. Lakini Bwana Faragha alikuwa na picha yake, yaani nakala ya mashine nzima ilivyokuwa siku saba kabla ya kibali kuisha. Basi kila Jumatatu asubuhi aliirudisha kwenye picha hiyo, nayo ikaamka ikidhani ni Jumatatu ya miaka sita iliyopita. Ikafanya kazi siku tano, matokeo yakachapishwa Ijumaa, na Jumatatu ikasahau yote ikaanza upya. Tarehe za kweli ziliandikwa kwa kalamu juu ya vyeti na kupigwa muhuri. Ulinzi uliosifiwa gazetini ulikuwa wa kumficha maiti asijue amekufa.

Aliyelijua hilo ni mtu mmoja tu mwingine, mpimaji wa maabara, mwanamke aliyeitwa Mama Chupa kwa sababu hakuonekana popote bila kigari chake cha chupa za sampuli. Mashine hiyo yeye aliiita Marehemu.

"Fundi, Marehemu ameamka?" aliuliza kila Jumatatu mlangoni.

"Usimwite hivyo, Mama Chupa. Watu watasikia."

"Watasikia wapi? Si umetenga?"

Mwezi wa tisa ikatangazwa kwamba wageni watatu kutoka makao makuu watakuja Ijumaa kuona ulinzi huo, na kwamba wakiridhika watapendekeza jina la mkuu wa kitengo. Alhamisi mkurugenzi akamwita Bwana Faragha. Mkurugenzi alikuwa mtu wa sherehe. Siku idara ilipopata mashine mpya ya fotokopi, aliikatia utepe.

"Fundi, kesho utawaonyesha nini?"

"Nitaigonga mashine kutoka mtandao wa nje, mheshimiwa, kama mtu anayebisha hodi. Haitajibu."

"Halafu?"

"Ndiyo hivyo. Haitajibu."

Mkurugenzi akamwangalia kwa huruma. "Kutojibu hakupigwi picha, fundi. Nataka wageni wakae kwenye ukumbi wangu, waone matokeo ya maji ya wiki hii, kwenye skrini kubwa."

"Ukumbi uko kwenye mtandao wa nje, mheshimiwa. Mashine imetengwa nao."

"Vizuri. Itenge kabisa."

"Ndiyo."

"Na ionekane."

"Mheshimiwa, tungeweza kuwapeleka maabara. Kule kuna skrini yake, imechomekwa moja kwa moja kwenye seva."

"Maabara kunanuka klorini. Hawa nimewakodishia viti vyenye vitambaa." Akafungua faili jingine. "Jina lako ndilo la kwanza kwenye orodha, fundi. Usinifanye nisome la pili."

Bwana Faragha akashuka ngazi akiwa ameshapata njia. Angeihamisha mashine kwenye swichi ya nje kwa dakika kumi tu, kisha kuirudisha. Alimweleza Mama Chupa maabara, kati ya kigari na sinki.

"Marehemu akiuona mwaka huu atakufa mara ya pili," alisema Mama Chupa.

"Hatauona. Programu hukagua tarehe saa inapogonga kamili. Nitaitoa saa nne na dakika tano, na dakika kumi na tano nishaifunga."

"Umesoma wapi?"

"Ni mambo ya kitaalamu."

Hakuwa amesoma popote. Alikuwa ameona programu nyingine ikifanya hivyo, ya kuuza tiketi.

"Basi piga picha nyingine kabla," Mama Chupa alisema. "Ya Marehemu alivyo leo, na kazi yangu ikiwa ndani. Nina sampuli arobaini na moja humo."

"Picha ni moja. Hiyo ni kanuni."

Kanuni hiyo ilitokana na aibu. Mwaka wa kwanza alikuwa na picha mbili, akairudisha mashine kwenye isiyo yake, na wiki nzima ikapotea. Badala ya kuandika majina kwenye picha, aliamua pasiwe na picha ya pili. Tena diski za seva zilikuwa za zamani. Picha mpya ilichukua dakika arobaini.

"Ningechapisha leo," alisema Mama Chupa, "lakini wino wa printa unatoka stoo Ijumaa saa nane mchana, na yule mtunza stoo hata mama yake akimwomba Alhamisi hampi." Akainua chupa moja kuelekea kwenye taa. "Hii ya kumi na saba ni ya tangi la shule ya msingi. Nitrati imepita kiwango. Bila cheti siwezi kufunga bomba lao. Fundi, kazi yangu isipotee."

"Dakika kumi, Mama Chupa. Hata chai haipoi."

Ijumaa saa nne wageni walikuwa kwenye viti vyao. Mkubwa wao alikuwa mkaguzi, mwanamke mwenye kalamu inayoning'inia shingoni kwa kamba, ambaye aliandika kabla mtu hajasema. Bwana Faragha alivaa suti; mkewe alikuwa ameimaliza usiku wa kuamkia siku hiyo, na sindano moja ya kubania ilibaki kwapani ikimchoma kila aliponyoosha mkono kwenye skrini.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Aliigonga mashine kutoka mtandao wa nje mara nne, na mara nne skrini ikasema hakuna jibu. Wageni wakapiga makofi. Ni nadra mtu kupigiwa makofi kwa kitu kutotokea, na Bwana Faragha aliinamisha kichwa kama bwana harusi.

"Na sasa," alisema mkurugenzi, "matokeo."

Saa nne na dakika tano fundi aliihamishia mashine kwenye swichi ya nje. Jedwali likajitokeza kwenye skrini kubwa, mistari arobaini na moja, wa kumi na saba ukiwa mwekundu. Mkaguzi akainua kalamu. Ndipo jedwali lilipotoweka, na mahali pake pakaja maandishi makubwa: Kibali cha programu hii kiliisha siku 2,216 zilizopita. Wasiliana na muuzaji.

Bwana Faragha alinyoosha mkono kuelekea kwenye skrini, sindano ikamchoma.

"Hii ni nini?" mkaguzi aliuliza.

Kuna watu ambao ulimi wao hufika kabla ya akili, na mara nyingi huwa wanalipia. Fundi huyu ulimi wake ulifika ukakuta mlango wazi.

"Huo ni ulinzi wenyewe, mheshimiwa. Mashine imehisi imetolewa nje, ikajifunga. Na ujumbe mnaouona ni wa uongo, tumeuweka makusudi. Mshambuliaji akiusoma anadhani amepata programu iliyokufa, anakata tamaa."

Mkaguzi akageukia wenzake. "Wameweka mpaka idadi ya siku!"

"Ili aamini," alisema Bwana Faragha.

"Na mkitaka kuifungua?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema kwamba inahitaji dakika arobaini. Angepiga kwanza picha ya mashine ilivyo, imejifunga lakini kazi ya Mama Chupa ikiwa ndani, kisha baadaye, wageni wakishaondoka, angeitenga, angeidanganya tarehe na kuyatoa matokeo. Aliyajua haya kama anavyojua jina lake. Aliuangalia mshale wa saa ukutani, akamwangalia mkurugenzi, ambaye alikuwa akitabasamu kwa meno bila macho. Akakiona kile chumba cha juu na kibao chake mlangoni.

Aliirudisha mashine kwenye picha ya Jumatatu. Mibofyo mitatu. Jedwali likarudi, safi, bila mstari hata mmoja.

"Mbona tupu?" aliuliza mgeni wa pili.

"Usiri, mheshimiwa. Baada ya jaribio la kushambuliwa, matokeo hayaonyeshwi kwa yeyote."

Akairudisha kwenye swichi ya faragha kabla haijajifunga tena. Makofi ya safari hii yalikuwa marefu zaidi. Kabla ya mchana mkurugenzi alishamshika bega kwenye ngazi. "Barua yako Jumatatu, mkuu."

Saa nane na robo Mama Chupa aliingia chumba cha seva akiwa na wino wa printa mkononi.

"Fundi, jedwali halina kitu."

"Kuna uchunguzi wa kiusalama unaendelea."

"Kazi yangu iko wapi?"

"Nimesema kuna uchunguzi."

Alimtazama, akaweka wino juu ya seva, akatoka. Jioni hiyo ilibidi ripoti ya wiki ifike kwa mkurugenzi, nayo lazima ieleze kwa nini hakuna vyeti. Akaandika kwanza kwamba kulitokea shambulio kutoka nje, akafuta. Mashine iliyompa cheo ni ile isiyofikika kutoka nje. Akaandika kwamba mashine ilirudishwa kwenye hali ya awali, akafuta haraka zaidi. Mwisho akaandika sentensi moja, na alipoisoma akaona ni ya kiofisi, haina ukali, haimtaji mtu: Sampuli arobaini na moja za wiki hii hazikufika maabara.

Aliipeleka kwa katibu muhtasi. Katibu muhtasi, ambaye alikula chakula cha mchana na Mama Chupa kila siku ya Mungu, aliisoma kabla Bwana Faragha hajafika chini ya ngazi.

Dakika kumi baadaye kigari kilisikika kikija kwenye ujia, chupa zikigongana. Mama Chupa alifungua mlango kwa goti. Alianza kuzipanga mezani kwa fundi, juu ya kibodi, juu ya begi lile la mada ya ulinzi, juu ya kiti, kila moja na karatasi yake yenye namba, mahali na tarehe.

"Nini hiki, Mama Chupa?"

"Hazikufika. Nakuonyesha zilizokosa kufika. Moja, kisima cha sokoni. Mbili, hospitali, wodi ya wazazi. Tatu..."

"Lakini hizi si zilishapimwa?"

"Zilizopimwa ni za kwanza. Kila sampuli ina chupa ya akiba inayolala kwenye friji siku saba. Miaka tisa jirani yangu na hujui friji yangu ina nini." Aliweka ya kumi na saba peke yake, mbele ya pua yake. "Hii ni ya watoto. Wamekunywa maji hayo leo, baba, wakati wewe unapigiwa makofi."

"Nielewe, ningekuwa na dakika arobaini tu..."

"Mimi sikuelewi na sina haja. Umeandika sikufanya kazi. Sasa chagua: ama uandike wewe ulichofanya, ama nisukume kigari hiki mpaka mlangoni kwa mkurugenzi, nimpangie chupa kwenye zulia lake."

Vitu ambavyo Bwana Faragha aliviogopa kuliko zulia la mkurugenzi vilikuwa vichache. Akakubali. Lakini Mama Chupa hakumwachia hapo. Jumamosi alimtaka maabara saa mbili asubuhi, akamvika koti jeupe, na siku mbili zote akamfanya afungue chupa, ajaze bomba la kipimo, aoshe, ajaze tena, huku Marehemu akipokea tarakimu zilezile kwa mara ya pili kwenye Jumatatu yake ya milele. Wino ulikuwepo, kwa kuwa aliuacha juu ya seva. Jumapili jioni vyeti vyote vilikuwa vimechapishwa, na asubuhi iliyofuata bomba la shule likafungwa kabla kengele haijagongwa.

Jumatatu hiyohiyo, na barua aliyoiandika kwa mkono wake, fundi alipanda ngazi kwenda kujitia kitanzi. Alishamwambia mkewe asikate tena nguo yoyote.

Mkurugenzi aliisoma barua mara mbili. Ilisema yote: kibali kilichokufa, picha ya Jumatatu, mibofyo mitatu, sentensi ya uongo.

"Umeiandika kwa kalamu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kuna nakala?"

"Hakuna."

"Mama Chupa ameisoma?"

"Ndiye aliyenisahihisha tahajia."

"Basi naye tumpe cheti cha utumishi bora," alisema mkurugenzi, akaandika kwenye kikaratasi asisahau. Kisha akafungua droo ya chini ya meza yake, akaiweka barua humo, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfuko wa shati.

Bwana Faragha alisubiri kufukuzwa. Badala yake mkurugenzi alimsogezea bahasha nyingine yenye muhuri. Ilikuwa barua ya uteuzi. Jina lake lilikuwa limeandikwa sawasawa, na chini yake: Mkuu wa Kitengo.

"Mheshimiwa, sielewi. Baada ya hayo niliyoandika?"

"Kabla ya hayo nilikuwa na wasiwasi na wewe. Mtu asiye na doa hafundishiki." Mkurugenzi akaegemea kiti. "Hongera. Sasa, mkuu, mwezi ujao makao makuu watauliza kuhusu bomba jipya la upande wa mashariki. Nataka mfumo uonyeshe lilikamilika Machi."

"Lilikamilika, mheshimiwa? Nilipita huko juzi, mitaro bado iko wazi."

Mkurugenzi aliupapasa tu mfuko wa shati, taratibu, kama mtu anayetafuta leso.

Bwana Faragha akaitazama barua ya uteuzi. Karatasi yenyewe ilikuwa nzuri, nzito, ya rangi ya maziwa. Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya koti lake jipya, upande ule wa sindano.

"Machi tarehe ngapi?" akauliza.